Mjumbe Aliyeomba Udongo na Maji

Haji aliponipigia simu kuniambia kwamba Musa ametutoka, nilimuuliza Musa yupi, maana katika miaka niliyoishi Dubai nimewajua akina Musa wengi. "Mwajemi," akasema. "Yule Mwajemi wako." Nikakaa kwenye ngazi za jengo ninalolisimamia, simu sikioni, wapangaji wakinipita na mifuko yao ya sokoni, na kilichonijia kwanza si uso wa Musa bali ndevu zake za bandia, nyeusi, za kujiviringisha, zilizokuwa zikimwasha mpaka anajikuna kwa ncha ya fimbo. Musa hakuwa Mwajemi hata kidogo. Alikuwa Mganda wa Masaka, Mwislamu mpole, mlinzi wa lango katika maghala ya Jebel Ali kama mimi. Wala mimi, Mkamba wa Kitui, sikuwahi kuwa Mgiriki, ingawa kwa msimu mzima nilivaa sketi fupi na kofia ya bati mbele ya watu waliolipa maegesho ili wanione. Haji akaniambia niende kwake Alhamisi alasiri, amewaita watu wachache waje wasome dua, na binti wa Musa atakuwepo. Sikujua kwamba Musa alikuwa na binti hapa. "Yupo, anafanya kazi hotelini, kanitafuta mwenyewe," Haji akasema. "Ana jambo anataka kukuuliza wewe." Tangu hapo mpaka Alhamisi sikuwa na amani, kwa sababu kuna jambo moja tu ambalo mtoto wa Musa angeweza kuniuliza, na mimi mwenyewe nimejiuliza jambo hilo maisha yangu yote bila kupata jibu.

Habari za nyumbani na za jinsi nilivyofika Dubai naziacha. Kila aliyefika anazo zake na zote zinafanana. Mwaka ule nilikuwa kijana mwembamba mwenye kujiona. Tulilala wanane chumba kimoja, vitanda vya juu na chini, kila mmoja na pazia lake la kanga au shuka, na kiyoyozi kilichodondosha maji ndani ya ndoo ya rangi. Kitanda cha chini yangu alilala Musa. Dirishani alilala Haji, Mzanzibari, mdogo kwa umri kuliko Musa lakini mwenye maneno ya mtu mzima. Jiko lilikuwa moja kwa korido nzima, kwa hiyo tulipika kwa shirika: Musa maharage yake ya mchuzi wa karanga, mimi muthokoi siku nilipobahatika kupata mahindi yaliyokobolewa, naye Haji akitukosoa wote wawili huku anakula. Zamu zetu zilipishana, hivyo mara nyingine tulikutana sufuriani na mara nyingine hatukuonana. Kulikuwa na siku ambazo Musa alikula jioni tu, akisema joto la mchana humkata hamu. Nikamwamini, kwani mimi mwenyewe joto lile lilinikata mengi.

Ndipo kampuni moja ya matamasha ikaja kuazima walinzi. Jumba fulani la maduka lilitaka mchezo wa uwanjani kwa msimu wa baridi, wakati wageni wanapojaa, na mwenye wazo lake alikuwa ameamua watu waonyeshwe jinsi Wagiriki wa kale walivyomkatalia mfalme wa Uajemi alipokuja na majeshi kuitwaa nchi yao. Kwa nini Wagiriki, na kwa nini pale kati ya duka la manukato na duka la viatu, sijapata kuelewa. Walitaka watu warefu wanaojua kusimama kwenye mstari bila kulalamika, na hiyo ndiyo kazi yetu. Aliyeuongoza mchezo alikuwa Mlebanoni, Sir Elias, mtu mfupi mwenye sauti iliyokaushwa na sigara, naye aligawa majeshi kwa mabasi. Waliofika na basi la kwanza wakawa Wagiriki, waliofika na la pili wakawa Waajemi. Mimi na Haji tulikuwa la kwanza. Musa alirudi chumbani kuchukua mswala wake, basi likamwacha, akawa Mwajemi. Kwa kuwa alikuwa na kimo na uso wa heshima, akafanywa mjumbe wa mfalme. Haji, kwa maneno yake, akafanywa mfalme wa Wagiriki, na kwa muda mrefu chumbani hatukupumua kwa amri zake.

Siku ya kwanza ya mazoezi madam wa ofisini kwetu, Mhindi tuliyemwita Madam Sheela, alikuja uwanjani kutueleza mambo mawili. Mchezo ukipendwa, tutahamishiwa hotelini, ndani, kwenye hewa baridi, na hakuna tena kusimama langoni juani. Atakayeuharibu, viza yake itakatwa na atarudishwa kwao. "Khalas," akasema, akafunga mwavuli wake. Kila mmoja wetu aliitaka hoteli ile, lakini Musa aliitaka kutushinda sote. Mkewe alikuwa mjamzito kule Masaka, na alikuwa amemwahidi kwamba mtoto atakapozaliwa atamkuta baba yake ni mtu wa hotelini, si wa lango. Alikuwa akiitaja hoteli ile wakati wa kupika, wakati wa kufua, hata wakati wa kutafuta soksi iliyopotea.

Katika mchezo wenyewe hatukutamka neno. Sauti ilitoka kwenye spika, Kiingereza kwanza, kisha Kiarabu, nasi kazi yetu ilikuwa kutembea, kunyoosha mikono na kufa. Musa aliingia peke yake na fimbo, akasimama mbele ya kisima cha mbao, akanyoosha mikono yote miwili, na spika ikasema kwa niaba yake: mfalme wangu anaomba udongo na maji. Wagiriki tukaghadhibika, tukamkamata, tukamtumbukiza kisimani tukimwambia akajichukulie mwenyewe huko chini. Ndani ya kisima palikuwa na godoro, na pembeni chupa za maji walizotuwekea sisi wa kofia za bati tusije tukazirai. Ndivyo tulivyofanya kila siku ya mazoezi, na jioni tukarudi na mjumbe wetu kwenye basi moja, tukamenya naye vitunguu.

"Hebu munieleze," Musa alisema jioni moja, machozi ya vitunguu mashavuni. "Huyu mfalme ametoka mbali hivyo, na majeshi yote hiyo, anaomba udongo na maji tu? Na nyinyi munakataa? Ssebo, bwana, Wagiriki ni watu wabaya."

"Si maji ya kunywa, bwana wee," Haji akamjibu. "Ni alama. Ukishampa udongo na maji ya kwenu, ushasema nchi yako ni yake. Ushakuwa mtumwa wake."

"Kwa nini hasemi tu, nataka nchi yenu?"

"Ndo adabu za wafalme hizo."

"Sisi kwetu walikuja bila kuomba hata maji," Musa akasema. "Huyu angalau ameomba." Nikacheka, lakini yeye hakuwa anacheka. "Na mjumbe? Yeye kosa yake nini? Ametumwa tu."

"Mjumbe hauawi," nikasema, kama tulivyofundishwa sote.

"Sasa mbona kila siku munanitupa kwa kisima?"

Haji akauliza kama kuna bizari. Lakini mimi swali lile lilinikaa, maana nilikuwa miongoni mwa waliomshika miguu, na nilikuwa nimeanza kuona vibaya kuishika miguu ambayo usiku ule ule ningeisikia ikigonga chuma cha kitanda chini yangu.

Mchezo nao haukutulia. Mwanzoni Waajemi walikuwa wabaya wazi: ngoma nzito, nyusi zilizochorwa, moshi. Kisha wenye maduka kadhaa, ambao babu zao walivuka kutoka Uajemi, ng'ambo ile ya Ghuba, wakalalamika kwamba wanatukaniwa wazee mlangoni pao. Ngoma zikaondolewa, zikaletwa filimbi, na spika ikaanza kusema kwamba mfalme wa Uajemi alikuwa mjenzi wa barabara na bustani. Kisha mtu mwingine akauliza, kama alikuwa mwema hivyo Wagiriki walikuwa wakimkatalia nini, na moshi ukarudi pamoja na filimbi. Ikafika mahali hatujui tumkasirikie nani. Asubuhi moja nilimsikia Musa akiuliza kwa adabu zake zote, "Sir, leo mimi ni mzuri ao ni mbaya?" Sir Elias akamjibu, "Wewe nyoosha mikono tu, Musa. Yalla."

Sir Elias huyo huyo, akipanda nasi basi siku ambayo gari lake lilikuwa gereji, alitusimulia kipande ambacho hakikuwa kwenye mchezo. Wagiriki wale walipokwisha kuwaua wajumbe, alisema, mambo yao yakaanza kwenda kombo, wakaona wamewakosea miungu. Watu wawili wakajitolea waende wenyewe mpaka kwa mfalme wa Uajemi, wauawe wao badala ya wajumbe, ili mji wao utakasike. Wakasafiri, wakafika, wakasimama mbele yake. Mfalme akawakatalia. Akawaambia hatafanya walivyofanya wao, na kwamba hawezi kuwaondolea hatia yao kwa kuwaua. Akawarudisha kwao wazima. Nikamuuliza mbona hicho hakimo mchezoni, mbona ndicho kizuri. "Hakina mapigano," Sir Elias akasema, akalala.

Mchezo ukafunguliwa, ukaenda vizuri, na tukaanza kuiona hoteli. Basi ikaja Alhamisi moja, jioni ya kuingia wikendi ya siku zile, na uwanja ulifurika. Tulicheza alasiri, na sehemu ya mjumbe ilipangwa iishe kabla ya adhana ya magharibi, wakati spika zote huzimwa. Wenyeji walikuwa wakisema kuna baridi, lakini Musa alikuwa amevalishwa joho la kitambaa cha makochi, zito, na kilemba juu. Alipoingia nilimwona kupitia matundu ya kofia yangu: midomo imepauka, fimbo haiendi na filimbi. Akafika kisimani, akanyoosha mikono, na mikono ikawa inatetemeka. Spika ikasema anaomba udongo na maji.

Ningependa kusema nilifikiri, lakini sikufikiri. Kwetu Kitui maji huchimbwa mchangani mwa mto uliokauka, na kwa sababu hiyo hiyo hayanyimwi mtu. Anayebisha hodi hunywa kwanza, hata kama amekuja kugombana nawe, ndipo husema lililomleta. Sasa mtu alikuwa amesimama mbele yangu, midomo mikavu, mikono mbele, anaomba maji mbele ya umati. Mwili wangu ukaondoka wenyewe. Nikatoka mstarini, nikachomoa chupa kisimani, nikamimina kwenye kikombe cha shaba cha Mfalme Haji, nikakimbia nacho, kofia ikinigonga pua kwa kila hatua, nikampa Musa kwa mikono miwili.

Musa akaniangalia. Macho yale ndiyo niliyoishi nayo. Hayakuwa macho ya mtu aliyeokolewa. Yalikuwa ya mtu anayepima jambo. Akatazama kikombe, akatazama kule jua lilikokuwa linashukia nyuma ya majengo, akanitazama tena mimi. Kisha akakaa chini, pale pale jukwaani, na joho lake lote, akanywa taratibu mpaka mwisho, akasema alhamdulillahi. Na wakati anakunywa spika ilikuwa inanguruma: Wagiriki wakakataa, hamtapata hata chembe ya udongo wala tone la maji! Watu wakaangua kicheko. Wagiriki wengine hawakujua wafanye nini. Wawili walikuja kumkamata, mmoja akaishia kumpa mkono. Mzee mmoja mwenyeji, mstari wa mbele, kanzu nyeupe, akasimama na kupiga makofi akisema ahsant, ahsant. Halafu adhana ikaanza, spika zikakatwa, na sisi tukabaki tumesimama kimya na sketi zetu.

Sir Elias hakuona cha kuchekesha. Siku ya pili ikasikika kwamba mjumbe ameharibu mchezo na viza yake inakatwa. Nilienda ofisini kabla hata sijanywa chai.

"Madam, maji nilitoa mimi," nikamwambia Madam Sheela.

"Wewe nani?"

"Mgiriki."

"Mgiriki yupi? Nimeangalia video. Wote mna kofia, na kofia haina jina. Anayeonekana anakunywa ni Musa."

"Ndiyo maana nimekuja, Madam. Nikatieni mimi badala yake."

Akavua miwani, akanitazama kwa uchovu, bila ubaya wowote. "Musa amekwisha kusema aliomba mwenyewe. Wewe unasema ulitoa mwenyewe. Mteja anataka mtu mmoja, tayari ninaye. Nikikukata na wewe, Musa atabaki? Habaki. Nitakosa Mgiriki tu. Rudi kazini."

Nilitoka nje nikawakumbuka wale wawili waliosafiri mpaka kwa mfalme wakarudishwa wazima. Zamani nilikuwa nimedhani walirudi wakifurahi.

Nilimkuta Musa anafunga begi. Nikamuuliza kwa nini aliwaambia aliomba mwenyewe. "Kwani sikuomba?" akasema. "Niliomba kwa Kiingereza, niliomba kwa Kiarabu, mbele ya watu yote." Akacheka mpaka Haji naye akacheka, ila mimi sikuweza. Nikamuuliza, ulikuwa na kiu kiasi hicho? Akavuta zipu iliyokwama. "Mutua," akasema, "maji ilikuwa tamu." Akaniachia sufuria yake ya maharage, na sikumwona tena.

Wiki iliyofuata jumba la maduka likaagiza kipande cha maji kibaki, kwa sababu watu walikipenda. Akaletwa mjumbe mwingine, kijana wa Tanga, na spika ikabadilishwa iseme kwamba Wagiriki, kwa ukarimu wao, walitoa maji lakini udongo wakaunyima. Kila jioni nikawa nakimbia na kile kikombe, kwa amri sasa, na watu wakipiga makofi. Msimu ulipokwisha tukahamishiwa hotelini sote, isipokuwa yule aliyeitaka zaidi. Nilikuwa nimemsaidia mtu, au nilikuwa nimemharibia? Nilimwandikia, akajibu salamu tu, kisha namba zikabadilika. Miaka mingi baadaye mwanangu alisoma habari za Wagiriki wale shuleni akanipigia simu: "Baba, mbona hapa wanasema hawakutoa maji?" Nikamwambia najua, nilikuwepo. Akadhani ninatania.

Alhamisi ikafika, nikaenda kwa Haji, Jumeirah Village Circle, ghorofa ya juu, kochi kubwa la kahawia, udi, tende na birika la kahawa. Wasomaji dua walikuwa wamemaliza na kuondoka. Haji amenenepa na ameota mvi, lakini bado ni mfalme. "Mie ndo niliepaza sauti, mwacheni anywe!" akasema. Nikamwambia ninavyokumbuka mimi alipaza sauti, mkamateni. Tukabishana mpaka kengele ikalia. Akaingia msichana mrefu, sare ya hoteli chini ya abaya, kibandiko cha jina kifuani: Zaina. Uso ulikuwa wa Musa bila ndevu. Akapiga magoti kidogo kutuamkia, kama mabinti wa kwao wanavyofanya, nami nikasimama nisijue niweke wapi mikono. Kabla ya neno lolote akaenda jikoni kwa Haji, akarudi na glasi ya maji, akaiweka mbele yangu.

"Anko, ni wewe Mgiriki?"

"Ni mimi, mwanangu."

"Baba alisema nikifika Dubai nitafute Mgiriki. Mimi nilikuwa natafuta mzungu." Akatabasamu, kisha akaacha. "Nilitaka kukuuliza. Siku ile, ulijua kwamba amefunga?"

Sikumwelewa. Nikamtazama Haji, nikaona mkono wake umesimama juu ya tende. "Alhamisi," Haji akasema polepole. "Wallahi, ilikuwa Alhamisi."

"Alikuwa anafunga Jumatatu na Alhamisi," Zaina akaniambia. "Ni sunna. Hakuwa anatangaza. Alifunga mpaka ugonjwa ulipomkataza."

"Sikujua," nikasema. "Mungu anisamehe, sikujua."

"Hata yeye alisema, wewe hukujua. Mama alimuuliza, sasa kwa nini hukukataa? Ilikuwa imebaki kidogo tu adhana. Na kazi ilikuwa inapotea."

"Akasemaje?"

"Alisema, huyo mtu amekimbia na kikombe, ile kofia inamgonga, watu yote inatazama. Nikimwambia sitaki, ataweka uso wake wapi?"

Nililia, na sioni haya kulisema. Nilikuwa nimekuja na majibu ya kila namna, ya kujitetea na ya kuomba radhi, na hakuna hata moja lililofaa. Miaka yote nilijiuliza nilimfanya nini Musa kwa kumpa maji, kumbe yeye ndiye aliyenipa mimi, akayalipia kwa hoteli yake. Nilitaka kumwambia binti yake pole, lakini naye akasema kwamba kwa kurudi kule baba yake aliwahi kumpokea akizaliwa, na kwamba mtaani kwao baba za wenzake, waliokwenda Uarabuni, walikuwa picha ukutani. Basi niseme pole au niseme ahsante?

Nikaishika glasi ili nipate cha kufanya. Ndipo nikaona kwamba mbele ya Zaina hapakuwa na kitu, si kahawa, si tende. "Na wewe?" nikamuuliza.

"Leo ni Alhamisi, anko."

Nje jua lilikuwa bado juu ya mapaa. Nikaiinua glasi, nikaiteremsha. Kunywa mbele ya aliyefunga ni vibaya, na kukataa maji ya mtu aliyekuletea kwa mikono yake ni vibaya, na hakuna aliyewahi kunifundisha kipi huja kwanza. Zaina alikuwa ananitazama, mikono mapajani, anasubiri. Nikateremka kwenye kochi, nikakaa chini zuliani kama nilivyomwona baba yake, nikanywa taratibu mpaka mwisho.